Muuaji Asiyeitikia Salamu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfunika uso muuaji.

Nilidhani ni akili. Masomo yote niliyojifundisha kwenye simu, kutoka kwa walimu wasiojua hata kama nimezaliwa, yalikubaliana jambo moja: mtazamaji asijue muuaji ni nani mpaka mwisho. Basi nikamvika muuaji wangu jaketi lenye kofia, nikamzungushia kikoi usoni mpaka yakabaki macho, nikajiona nimemaliza kazi. Sikukumbuka kwamba nilikuwa napiga filamu Lamu, ambako mtu hutambuliwa kwa kisigino. Hapa mwanamke aliyejifunika toka utosini hadi ukuchani akipita mbele ya baraza, waliokaa hapo hujua ni mke wa nani, anatoka wapi, na kama bado amenuniana na wifi yake. Kisha mimi nikaja na kikoi kimoja nikadhani nimeficha mtu.

Tena mtu mwenyewe hakuwa wa kufichika. Alikuwa mwenzangu pale chuo cha ufundi, mimi nikisomea umeme na yeye injini za boti. Alikuwa ametoka Kizingitini, kisiwa cha Pate, na mwili alikuwa nao wa kubeba injini bila kuita msaidizi. Alitembea ametanua miguu, vidole vikitazama nje, kandambili zikipiga kofi kila hatua. Ukimsikia anakuja hukuwa na haja ya kugeuka. Nilimchagua kwa sababu ya ukubwa wake. Upole wake niliuona baadaye, nikiwa nimeshachelewa.

Kikundi chetu cha filamu kilikuwa na watu wengi siku ya kujipiga picha ya kikundi. Siku ya kazi tulibaki watatu: mimi, huyo wa Kizingitini, na msichana mmoja wa darasa la kompyuta aliyekubali kushika kamera kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asionekane hata kivuli. Kamera yenyewe ilikuwa simu yake, maana yangu ilikuwa na ufa kwenye kioo cha nyuma na kila mtu niliyempiga alitoka kama amesimama ndani ya chupa. Hadithi niliandika mimi, na mwongozaji nilikuwa mimi. Na kwa kuwa sikumwamini mtu mwingine kufa vizuri, aliyeuawa pia nilikuwa mimi.

Nieleze kwanza kwa nini filamu hiyo ilikuwa lazima ifaulu. Mjomba wangu ni fundi wa umeme kwenye hoteli moja ya Ras Kitau, ng'ambo ya Shela. Alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kuanza kazi pale chini yake. Mama alishafurahi, akaniambia nikate nywele. Mimi nikamwambia mjomba kwamba nataka mwaka mmoja wa kutengeneza filamu kwanza. Mjomba hakukasirika. Alikuwa akichokoa meno kwa kijiti, akaendelea kuchokoa.

"Filamu ya nini?"

"Ya kutisha."

"Basi ni rahisi," akasema. "Ingekuwa ya mapenzi ungeniambia sikuielewa. Ya kutisha haina kueleweka. Mtu ama hutishika ama hatishiki. Nitakuja kuiona. Nikitishika, kaa mwaka wako na simu yako, na mamako nitamtuliza mimi. Nisipotishika, Jumatatu nikukute kwenye boti na bisibisi mkononi."

Mjomba huyo hushika nyaya ambazo watu wengine huzikimbia. Mara moja alirushwa na umeme akaanguka kutoka kwenye ngazi, na neno alilosema alipozinduka lilikuwa, "Kumbe ni ile nyekundu." Ndiye niliyetakiwa kumtisha kwa dakika kumi na mbili za filamu.

Kwa hivyo nilitaka kila kitu kiwe sawasawa. Nilichora kila picha kabla ya kuipiga. Nilipima kwa kamba urefu wa kivuli cha muuaji ukutani. Hadithi ilikuwa hivi: kijana anaona jambo asilotakiwa kuliona, mtu aliyefunikwa uso anamfuata vichochoroni, na mwisho, anapochomwa kisu, kikoi kinaanguka na anagundua muuaji ni rafiki yake. Kufuatwa huko ndiko kulikokuwa roho ya filamu. Nilitaka kichochoro kirefu, kitupu, kimya, kisicho na chochote ila nyayo.

Sijui nilikuwa nimeishi wapi miaka yote. Kichochoro kitupu Lamu? Tuliamka alfajiri tukakutana na watu wanaotoka msikitini. Tukaenda jua kali la adhuhuri tukakutana na punda waliobeba mchanga, na punda hana habari na sanaa. Usipompisha, anakupaka ukutani. Lakini punda ukimngoja hupita. Shida ilikuwa binadamu, na shida ya binadamu ilikuwa salamu.

Muuaji anaanza kutembea. Kofia iko juu, kisu kiko ndani ya jaketi, kandambili nimemvua. Anakuja polepole, vizuri kabisa, mpaka mimi mwenyewe niliyemwandika nasisimka. Kwenye kona anatokea mzee na mkoba wake wa samaki.

"Salaam alaykum."

"Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh," anaitikia muuaji kutoka ndani ya kikoi. "Hali gani, mzee wangu? Watoto?"

"Kata!"

Tulirudia. Akapita mwalimu wa madrasa. Akaitikiwa, na juu ya hayo muuaji akainama kumbusu mkono, kisu kikamponyoka kikaanguka miguuni mwa mwalimu. Mwalimu alikitazama, akatutazama, akasema, "Mtajikata," akaenda zake.

"Kwani nikupigie magoti?" nikamwambia muuaji. "Usiitikie!"

"Sasa nifanyeje? Mtu kanitolea salamu."

"Wewe ni muuaji!"

"Muuaji, sawa. Lakini ni Mwislamu."

Msichana mwenye kamera akakaa chini kucheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nikiliona jua linavyohama ukutani.

"Sikiza," akasema yule wa Kizingitini kwa utulivu wake wa kuudhi, "kutoa salamu ni sunna, kuitikia ni wajibu. Hilo nalijua tangu sijaota meno ya pili."

"Na kuua mtu je?"

"Kukuua wewe ni uongo. Salamu ni ya kweli."

Nikafanya nilichokijua, nikapiga kelele. Nikamwambia kwamba maisha yangu yanategemea kichochoro hiki, kwamba nitazeeka Ras Kitau nikibadilisha balbu za watalii, na kosa litakuwa lake na adabu zake. Kisha akavuta kikoi usoni, akasema, "Haya. Sitaitikia mtu."

Tulihamia upande wa Wiyoni, tukachagua njia nyembamba kati ya kuta mbili ambayo kwa macho yetu haikuwa na mtu. Akaanza kutembea. Akafika katikati, na kwenye mlango mmoja akatoka bibi mmoja mfupi, mnene, na sinia la mahamri kichwani limefunikwa kawa.

"Salaam alaykum, mwanangu."

Muuaji akapita.

Bibi akasimama. Akageuka mwili mzima, sinia halikutikisika. Akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu mlango anaodhani haukufungwa vizuri: "Salaam alaykum?"

Muuaji akaendelea kwenda. Niliona shingo yake inavyozama mabegani. Bibi alibaki akimtazama mgongo mpaka muuaji akakaribia kamera, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja. Akaingia kona akapotea.

"Kata," nikasema. "Imeharibika. Ametazama kamera."

Yule wa Kizingitini alikwishavua kikoi na alikuwa akirudi mbio kumtafuta. Nikamshika jaketi. Nikamwambia jua linakwenda, tutamtafuta tukimaliza, Lamu si Nairobi, hawezi kupotea. Tulipomaliza hatukumtafuta. Yeye alitaka. Mimi nilikuwa na kifo changu cha kupanga.

Kifo nacho kilikuwa na mambo yake. Kisu kilikuwa cha mama yake yule msichana, na kila tulipokuwa tayari simu ililia katikati ya picha, mama akitaka kisu chake akate vitunguu. Damu niliitengeneza mwenyewe. Tomato za kopo zilikuwa zimekwisha dukani, nikachukua kopo la samaki wa sosi nikachuja sosi nyekundu. Rangi ilikuwa nzuri mno. Nikajipaka kifuani, nikalala chali uani kwetu, nikafa. Paka wa mtaa mzima wakaja mazikoni. Kuna picha moja ambamo niko maiti, macho wazi, nikijikaza nisipumue, na paka mwenye sikio bovu ananilamba mbavu kwa makini kama anasoma. Nami hutekenyeka upesi. Nilikufa mara nyingi siku ile na sikufa vizuri hata mara moja.

Kuhariri nilihariri mimi kwenye kompyuta ya yule msichana, yeye akiwa pembeni akinitazama ninavyosogeza picha nusu kidole mbele, nusu kidole nyuma.

"Bwana Dairekta," akaniambia, "unashona filamu au unashona kofia?"

Kitu cha kwanza nilichokikata kilikuwa yule bibi. Alikuwa amechafua mstari wa ukuta, sinia limekaa upande, na ametazama kamera. Msichana akasema, "Muache." Nikasema somo linasema mpita njia asitazame kamera. Akasema, "Mimi nilipokuwa nashika simu, nilihisi baridi." Nikamwambia baridi si hoja, nikamkata.

Tulionyesha filamu kwenye ukumbi wa chuo, baada ya sala ya alasiri. Madirisha tuliyaziba kwa leso, na jua likapenya kwenye maua ya leso, ukumbi ukawa kama wa arusi. Spika nazo zilikuwa za arusi kweli, tuliazima, na hakuna aliyejua kuzitoa mwangwi. Wanawake walikaa upande mmoja, wanaume upande mwingine, watoto kila mahali. Mjomba alikaa safu ya mbele, mikono ameikunja, kijiti mdomoni. Mimi nilisimama nyuma karibu na choo.

Taa zikazimwa. Nikatokea mimi kwenye ukuta, natembea, naona jambo nisilotakiwa kuliona. Kimya. Nikaanza kuamini. Kisha mwisho wa kichochoro ikatokea miguu ya muuaji, miguu tu, bila viatu.

"Aa!" ikasema sauti ya mwanamke. "Si yule wa chuoni, wa Kizingitini?"

"Ndiye. Tazama vidole."

"Mbona kajifunika? Anaumwa meno?"

"Na kandambili zake kaziacha wapi huyu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Muuaji akavuta pumzi nzito gizani, na kwa ule mwangwi wa arusi ikasikika kama mwimbaji anajiandaa kuanza. Mtu akapiga kigelegele. Yule wa Kizingitini mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni ameshika leso isianguke, na watu walikuwa wakigeuka kumpungia mkono. Mjomba alikuwa hajacheka, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na kijiti kinazunguka mdomoni kwa raha. Nikaanza kuhesabu nguo nitakazobeba kwenda Ras Kitau.

Hapo ndipo akatokea bibi na sinia lake.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimemkata kwa mkono wangu. Nikamtafuta yule msichana gizani. Alikuwa kando ya projekta ananitazama, na hakuona haya hata kidogo. Alikuwa amemrudisha usiku wa kuamkia onyesho.

"Salaam alaykum, mwanangu," akasema bibi ukutani.

Muuaji akapita.

Vicheko vikapungua, kama watu waliogutuka kwamba kuna mgeni ndani. Bibi akageuka na sinia lake. "Salaam alaykum?" Mwangwi ukairudia salamu ukumbini, mara ya pili, ya tatu, na hakuna aliyeitikia. Kisha mle kizani baadhi ya watu wakaitikia wao, kwa sauti za chini, kwa sababu haikuvumilika ibaki hivyo.

"Hakuitikia," mwanamke mmoja akasema.

"Kasikia, na hakuitikia."

"Astaghfirullah. Huyu mtu gani?"

Kuanzia hapo ilikuwa filamu nyingine. Wale wale waliomjua vidole vyake hawakumjua tena. Muuaji alipoonekana nyuma yangu kwenye ngazi, mzee mmoja alisimama akanipigia kelele, "Toka hapo! Huyo hana Mungu!" Mtoto alianza kulia akatolewa. Kisu hakikumshtua mtu. Kisu cha vitunguu walikiona kinakuja toka mbali. Walichokiogopa ni mgongo. Kila ulipoonekana ule mgongo mkubwa, ukumbi ulivuta miguu. Nami nilikuwa nimeacha kutazama ukuta. Nilikuwa namtazama mjomba. Kijiti kilikuwa kimesimama.

Kikoi kilipoanguka na uso ukaonekana, vicheko vikarudi ("Tuliwaambia!"), na paka alipopitisha mkia wake mbele ya maiti yangu watu walipiga makofi. Taa zikawashwa. Na kabla sijasema neno, upande wa wanawake akasimama mtu mfupi, mnene, amenyoosha kidole mlangoni.

"Ndiye!" akasema kwa Kiamu chake safi. "Ndiye huyo! Mimi siku ile nimerudi nyumbani sikula. Namwambia dadangu, nimekosani? Kiyana nimtolee salamu ndiani, kwa mato yangu nimwone yuwapita kama mti!"

Yule wa Kizingitini aliiachia leso. Jua likaingia lote. Akapita katikati ya viti, kandambili zikipiga kofi ukumbi mzima ukimsikiliza, akasimama mbele ya bibi, akainamisha kichwa.

"Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, Bi."

Bibi akamtazama toka juu mpaka chini, na ilikuwa safari ndefu.

"Sasa?" akasema. "Siku zote hizo ilikuwa imelala wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Yule wa Kizingitini alikuwa anafuta macho. Mimi nilijificha nyuma ya spika, kwa sababu nilijua nani aliyeilaza ile salamu, na bibi alikuwa akitazama huku na huku kama anayemtafuta.

Mjomba alinikuta huko huko. Alikuwa ametoa kijiti mdomoni, jambo ambalo hulifanya akila na akisali tu.

"Ile ya salamu," akasema. "Imeniingia hapa." Akagusa kifua. "Ulifikiriaje jambo kama lile?"

Nimelirudia swali hilo kichwani zaidi ya nilivyorudia kifo changu. Mwaka mzima ulikuwa mbele yangu, umekunjwa vizuri, natakiwa tu kunyoosha mkono. Yule msichana alikuwa nyuma ya mjomba akinikodolea macho niseme lolote. Lakini mimi nina maradhi ya kutaka kila kitu kiwe sawasawa, na maradhi hayo hayachagui pa kuingia.

"Sikuifikiria," nikasema. "Alipita tu. Nilimkata. Huyu hapa ndiye aliyemrudisha."

Mjomba akageuka kumtazama msichana, akanitazama mimi, akarudisha kijiti mdomoni.

"Basi aliyenitisha ni yule Bi," akasema. "Wewe ulitaka kumtoa." Akafikiri kidogo. "Jumatatu. Na kabla ya Jumatatu nenda ukamtake radhi."

Alipoondoka, yule msichana alinipiga na waya wa spika. "Ulikuwa umeshinda, mpumbavu wewe! Ulikuwa umeshashinda!"

Nilikwenda Wiyoni kesho yake na yule wa Kizingitini. Bibi alitulisha mahamri mpaka tukashindwa kusimama, akatusema muda wote tuliokuwa tunatafuna, na mwisho akauliza filamu nyingine ni lini, maana safari hii anataka aitikiwe.

Siku hizi nafanya kazi Ras Kitau na mjomba. Ijumaa, baada ya sala, tunapiga filamu sisi watatu, na yule msichana ndiye anayehariri. Muuaji hatumfuniki uso. Njia hatuzifungi wala hatungoji ziwe tupu. Mtu akipita akatoa salamu, aliye mbele ya kamera huitikia, na mimi sisemi kata.